Aliyeangalia Pembeni Kwanza

Jirani yetu anasema shangazi yangu alimkodolea bosi macho mpaka bosi akaishiwa nguvu za magoti, akakaa. Anasema bosi alitoka jasho shati likamganda mgongoni. Anasema shangazi alikuwa ameshika kiuno, mguu mmoja mbele, na kabla ya kutoka alimsonya msonyo mrefu uliosikika mpaka getini. Hayo aliwaambia watu wa bombani siku ya Jumanne. Nilipokwenda kuchota maji Alhamisi, shangazi alikuwa tayari amempindulia bosi meza.

Jirani huyu tunamwita Shahidi, kwa sababu hakuna jambo lililowahi kutokea ambalo yeye hakuwepo. Siku hiyo yenyewe alikuwa kwake anafua mapazia. Niliyaona kwenye kamba.

"Mwanangu," aliniambia mbele ya ndoo zote, "mwambie dada tunajivunia. Lakini mwambie pia kazi hazipatikani."

"Nitamwambia, mama."

"Na ule msonyo, mh! Mwili wote ulinisisimka."

Sikubisha. Ukibishana na Shahidi unampa sehemu ya pili. Lakini mimi nilikuwa ndani ya chumba kile, nimebanwa kati ya kabati la mafaili na ukuta, na hakukuwa na msonyo. Hakukuwa na kiuno wala mguu mbele. Kulikuwa na kuangaliana tu, na bosi mwenyewe ndiye aliyeomba kuangaliwa.

Kiwanda chetu kinatengeneza misumari. Waya unaingia upande mmoja wa mashine, mashine inaubana, inaupiga kichwa, inaukata ncha, na msumari unaangukia kwenye karai, yote hayo kabla hujamaliza kupepesa jicho. Mashine ziko kumi na mbili na juu yake kuna mabati. Ukimpigia mwenzako kelele sikioni, atahisi pumzi yako tu. Vizibo vya masikio viliwahi kuletwa, vikaisha.

Kwa hiyo mle ndani hatusemi. Tunaongea kwa uso, kwa mikono, na kwa midomo isiyotoa sauti. Mtu mpya hukaa mwezi, miezi miwili, kama mgeni kwenye harusi ya watu asiowajua. Halafu siku moja anajikuta amecheka utani uliotolewa ng'ambo ya ukumbi, na hapo tunajua ameajiriwa.

Shangazi ndiye aliyenitafutia kazi na ndiye aliyenifundisha. Somo la kwanza halikuwa ishara zenyewe. Lilikuwa nani ana ruhusa ya kutumia kiasi gani cha mwili. Mfagizi akiitwa huitika kwa mwili mzima: anageuka, anainama kidogo, anaweka fagio chini. Sisi wa kufungasha tunaitika kwa kichwa na mkono. Fundi wa mashine hapotezi mkono, anainua kidevu. Nyapara anainua nyusi, na ukimzoea utagundua anainua moja tu. Bosi wa zamani, aliyestaafu, alikuwa anatumia kope. Akisimama mlangoni mwa ofisi akafumba macho yote mawili taratibu, maana yake ni zima mashine zote. Mwenye kiwanda amekuja mara mbili tangu niajiriwe. Hakutikisa kitu chochote, na watu wazima walikimbia.

Mfagizi mmoja aliwahi kumwitikia nyapara kwa nyusi. Hakufukuzwa. Alipewa vyoo.

Sasa, kope za bosi huwezi kuziona ukiwa mashine ya kumi na mbili. Hapo ndipo shangazi alipoingia. Alikuwa anafungasha misumari kwenye maboksi kama sisi, lakini meza yake ilikuwa kwenye nguzo ya katikati, mahali pekee panapoonekana kutoka ofisini na kutoka kwenye kila mashine. Bosi akifumba macho, shangazi anainua mkono juu kabisa, kiganja wazi, na mafundi wanazima. Alifanya hivyo miaka ishirini na miwili. Wenzake wakampa jina la Bi Nguzo. Hakuna karatasi inayosema kuna kazi kama hiyo, lakini waya ukijikunja au mtu akinaswa shati, kati ya kope za bosi na swichi kulikuwa na shangazi tu.

Na kuna jambo ambalo kiwanda kizima tulikuwa tunalijua watu wawili, yeye na mimi. Shangazi hasikii. Tuseme radi anaisikia, na mlango ukibamizwa. Masikio yalimwacha polepole, na hakuna aliyegundua, kwa sababu mle ndani hakuna anayesikia. Nyumbani anatusoma midomo.

"Wakijua, kesho yake niko nyumbani na barua ya daktari," aliniambia nilipomgundua. "Kwa hiyo wewe jua, halafu usijue."

Bosi mpya alikuja na viatu vinavyong'aa na tabia nzuri. Alitusalimia wote kwa mkono, akianzia na mfagizi, jambo lililotutia wasiwasi. Alikuwa anatabasamu. Bosi wa zamani alitabasamu mara moja tu, na wiki ile ile walipunguzwa watu sita. Mpya alitabasamu siku nzima, na watu wakaanza kwenda nyumbani wakiwa na vikombe vyao kabisa.

Aliondoa pazia kwenye dirisha la ofisi, lile kubwa linaloangalia mashine. Alisema hana cha kutuficha. Wahenga walisema macho hayana pazia. Sasa na dirisha likawa halina.

Jumatatu yake ya pili kukatokea jambo. Misumari ikitoka kwenye mashine ina mafuta, kwa hiyo tunaizungusha kwenye pipa kubwa la chuma pamoja na unga wa mbao mpaka ing'ae. Pipa linatakiwa litulie kwanza ndipo lifunguliwe. Siku hiyo halikusubiriwa. Unga ukatoka kama moshi, ukavuka ukumbi, ukamkuta bosi mpya amesimama mlangoni mwa ofisi anatutabasamia. Akafumba macho. Yote mawili, taratibu, kama mtu anayesikilizia machozi yatatokea wapi.

Shangazi akainua mkono.

Mashine zote kumi na mbili zikazimwa. Sisi tulishtuka kuliko bosi. Nilisikia mtu akimeza mate, na nilikuwa sijawahi kusikia mtu akimeza mate humo.

"Kuna nini?" bosi aliuliza huku anasugua macho. "Nani amewaambia mzime?"

Jibu la kweli lilikuwa "wewe, bosi", ila hapakuwa na mtu mwenye cheo cha kulitoa. Nyapara aliangalia viatu vyake. Fundi wa mashine ya kwanza, ambaye tunamwita Namba Moja na yeye hajakataa, aliangalia mashine yake kama imemtusi. Waliobaki waliangalia mkono wa shangazi, ambao ulikuwa bado juu.

"Huu ni mgomo?" bosi alimuuliza nyapara.

"Hapana, bosi."

"Basi ni nini?"

Nyapara alifikiri. "Ni kuzima, bosi."

"Wewe mama, shusha mkono."

Shangazi hakusikia. Nikamgusa kiwiko, akashusha. Bosi aliona kwamba ameamrisha yeye na nimetiiwa mimi. Aliingia ofisini na kumwita shangazi kwa kidole. Alitumia kidole kizima. Namba Moja alimwangalia nyapara, nyapara akaangalia mabati.

Shangazi aliniambia kwa midomo: twende wote.

"Na huyu?" bosi aliuliza tulipoingia.

"Mwanangu," shangazi alisema. "Ananisindikiza."

Akanionyesha kwa jicho pa kusimama: nyuma ya bosi, kwenye pengo kati ya kabati la mafaili na ukuta. Kazi yangu ilikuwa rahisi. Bosi akisema neno, mimi nalirudia kwa midomo bila sauti, shangazi analisoma kwangu, anamjibu bosi. Kwa sababu bosi mwenyewe alikuwa hasomeki. Watu wakubwa hawafungui mdomo wanaposema. Maneno yanawatoka tu, kama barua chini ya mlango.

"Kaa, mama."

"Nimezoea kusimama, bosi."

Kwa hiyo na yeye akabaki amesimama. Nimesema alikuwa na tabia nzuri.

"Nani alikutuma uzime mashine?"

"Wewe, bosi."

"Mimi?"

"Ulifumba macho."

Bosi alicheka kidogo, kisha akaacha alipoona anacheka peke yake. "Yaani mimi nikifumba macho, kiwanda kinazimwa?"

"Ndiyo, bosi."

"Na nikipiga chafya?"

Shangazi alilifikiria hilo kwa dhati. "Bosi wa zamani alikuwa hapigi chafya," alisema.

Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Tena naamini wangeelewana. Lakini bosi alikuwa amesoma, na mahali fulani walikuwa wamemfundisha kwamba mtu mkweli anakuangalia machoni. Akageuka ghafla aone shangazi anaangalia nini. Mimi nikaangalia dari.

"Mama, tangu umeingia unaangalia kabati," alisema. "Unaongea na mimi au unaongea na kabati?"

Shangazi aliniuliza kwa macho. Nikamrudishia maneno hayo kwa midomo.

"Naongea na wewe, bosi."

"Basi niangalie mimi. Si kabati, si chini. Mimi, usoni."

Nikarudia: anasema umwangalie yeye tu, usoni. Hayo ndiyo maneno ya mwisho shangazi aliyoyapata siku ile.

Ujue shangazi ni mtu wa zamani. Uso umeumbwa na haya, ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyonilea. Mkubwa akikusemesha, macho yako yanakaa chini ya kidevu chake. Bosi wa zamani, shangazi alikuwa anamwangalia kope kutoka mbali, kikazi, na wakikutana kwenye korido anaangalia kola ya shati. Lakini sasa bosi ameamrisha. Shangazi akainua macho, akamwangalia.

Na macho yale yamefanya kazi ya kusubiri kope za mtu mmoja kwa miaka ishirini na miwili. Hayapepesi. Yakipepesa wakati bosi amefumba, mkono haunyanyuki, mashine hazizimwi, na kuna mtu atakwenda nyumbani na vidole tisa. Yalimtua bosi usoni yakakaa.

"Vizuri," bosi alisema. "Sasa niambie. Nani aliweka utaratibu huu?"

Shangazi kimya.

"Mama. Nani aliweka utaratibu huu?"

Kimya. Mimi nilikuwa narudia kwa midomo kule nyuma mpaka taya zinauma, lakini nilikuwa namrudia nani? Alikuwa ameambiwa asiangalie kabati.

"Umenisikia?"

Kimya.

"Unanielewa ninachokuuliza?"

Shangazi alikuwa anamwangalia bila hasira, bila kiburi, kama mtu anayesubiri maji yachemke. Bosi akapepesa. Bega la kulia la shangazi likashtuka. Bosi akapepesa tena, bega likashtuka tena. Bosi aliliona lile bega, nadhani alifikiri anataka kupigwa.

Ningeweza kusema. Neno ni moja, "hasikii", na shangazi angekuwa hana kosa. Angekuwa hana na kazi. Nikajiambia mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa. Ni kweli haingilii, na siku hiyo nilishukuru sana kuwa na adabu.

Tatizo jingine lilikuwa dirisha. Mashine zilikuwa zimezimwa, hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuziwasha, na upande wa pili wa kioo kulikuwa na watu arobaini wasio na kazi, ambao maishani mwao hawajui kitu vizuri kama kusoma nyuso. Walikuwa wamesimama wametulia. Mmoja alikuwa anakula karanga.

Bosi alivumilia. Lazima niwe mkweli, alivumilia muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akaangalia pembeni, kwenye kalenda. Kalenda yenyewe ilikuwa ya mwezi uliopita. Akashika mgongo wa kiti, akakaa.

Nje ya kioo nyusi zilipanda. Zote, kwa pamoja, mpaka za mfagizi.

"Nenda nyumbani, mama," bosi aliiambia kalenda. "Ukae mpaka nitakapokuita."

Shangazi aliendelea kusimama na kumwangalia. Ikabidi nitoke nyuma ya kabati, nimshike mkono, nimvute. Hilo ndilo lililomaliza kila kitu, kwa sababu kutoka kule nje ilionekana kwamba bosi amekwisha kukaa na Bi Nguzo bado anamtaka.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Naona ni ndogo kuliko ya Shahidi.

Yaliyofuata hakuna aliyeyapanga. Kesho yake bosi alimwita mfagizi, na mfagizi akaitika kwa kichwa, fagio likiwa mkononi. Siku iliyofuata akaitika kwa kidevu. Nyapara aliacha kuinua nyusi mbele ya bosi, akawa anamsubiri bosi ainue kwanza. Ijumaa Namba Moja aliitwa ofisini, akaenda, lakini alimaliza chai kwanza. Hakuna aliyemkosea bosi neno. Ukimuuliza, angesema watu wake wana heshima, na asingeweza kukuonyesha ni wapi panapomuuma.

Aliacha kutabasamu. Ajabu ni kwamba hapo tukaanza kumzoea.

Mimi niliwekwa kwenye nguzo. Nyapara alisema damu ni moja. Nilisimama palepale, nikainua mkono uleule, kiganja wazi, na haikusaidia, kwa sababu ulikuwa mkono wangu. Fundi mwenye mvi hawezi kuzima mashine kwa kiganja cha msichana aliyemwona akija kuomba kazi na viatu vya kuazima. Walikuwa wanauangalia mkono, halafu wanaangalia nyuma yangu kutafuta ni wa nani.

Bosi akaleta taa nyekundu, akaifunga juu ya nguzo, swichi yake ofisini. Nilidhani taa itaniokoa.

"Taa haina umri," Namba Moja alisema wakati wa mapumziko. "Jana ilikuwa kwenye boksi dukani, leo inaniambia mimi nizime?"

"Ila bosi ndiye anayeiwasha, mzee," nilisema.

"Ndiyo nasema."

Jumatano ya wiki ya pili waya wa mashine ya saba ulijikunja. Niliuona mapema, fundo kubwa kama ngumi linapanda kuelekea kwenye mdomo wa mashine. Nikainua mkono. Bosi akaona mkono, akawasha taa. Fundi wa mashine ya saba aliuangalia mkono, akaiangalia taa, akamwangalia Namba Moja aone yeye anafanyaje. Namba Moja alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Mashine ikalimeza fundo. Yale meno ya chuma yanayobana waya yakapasuka, kipande kikaruka, kikapita juu ya kichwa cha mwanamke anayefungasha meza ya pili, kikatoboa bati, kikatokea nje. Yule mama alijipapasa kichwa chote kwa mikono miwili, taratibu, kama anamtafuta mtoto chawa. Kisha akaendelea kufungasha.

Watu waliangalia tundu, halafu wakaniangalia mimi.

Alasiri bosi aliniita. Alikuwa ameketi tayari kabla sijaingia, na kiti kingine kilikuwa kimeondolewa.

"Shangazi yako hajambo?"

"Hajambo, bosi."

"Anasemaje?"

"Hasemi kitu. Anafua."

Alipangapanga kalamu. Nilikuwa naangalia kola yake.

"Wewe ulikuwepo," alisema. "Uliona. Mimi nilikaa kwa sababu ya mguu. Huu mguu nina tatizo nao."

"Pole, bosi."

"Unaweza kuwaambia wenzako."

"Nitawaambia."

Wote wawili tulijua itasaidia kiasi gani.

"Sikiliza, binti. Nataka arudi," alisema. "Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, watu wote wakiwepo. Nitasema maneno mawili matatu kuhusu utaratibu. Yeye asimame mbele, aangalie chini mpaka nimalize. Basi. Asiombe msamaha. Tena asiombe, sitaki ionekane ni jambo. Aangalie chini tu, halafu aende kwenye nguzo yake, na hiyo taa naitoa siku hiyohiyo."

"Na asipokuja, bosi?"

"Asipokuja Jumatatu, Jumanne barua yake inatoka. Siwezi kukaa hivi. Leo nusura mtu afe."

Hilo lilikuwa kweli. Nilipofika mlangoni aliniita tena.

"Mwambie namwomba," alisema. Alilisema akiwa anaangalia mezani. Kama kuna mtu alikuwa dirishani aliona kichwa cha bosi kimeinama mbele ya mfungashaji wa misumari. Nilichungulia. Kulikuwa na mfagizi tu.

Nyumbani nilimkuta Shahidi mlangoni kwetu, amekuja kuuliza kama ni kweli bosi amelazwa.

"Hajalazwa, mama."

"Ndiyo wanavyosema mwanzoni," alisema, akaenda zake bombani.

Shangazi alikuwa uani, amenipa mgongo, anasugua ovaroli yake ya kazi kwenye beseni. Ovaroli hiyo alikuwa ameifua kila siku tangu aliporudishwa nyumbani, siku kumi, na haikuwa imevaliwa. Mfuko wa kifuani ulishaanza kupauka. Nikazunguka nikachuchumaa mbele yake ili anione mdomo, nikamwambia yote, tangu fundo la waya mpaka kalamu.

Alinisikiliza kwa macho yake, mikono haijaacha kusugua.

"Alisema anaomba?"

"Alisema hivyo hivyo. Mwambie namwomba."

"Uso ulikuwaje?"

Nilijua ataniuliza hilo, nilikuwa nimelibeba njia nzima nisilimwage. "Nyusi chini. Mdomo umekaza. Shingo imelegea."

"Shingo imelegea," alirudia. "Mikono?"

"Anachezea kalamu."

"Basi hadanganyi." Akaikamua ovaroli upande mmoja. "Anawaogopa. Masikini, na wao wamekwisha kumwona."

"Kwa hiyo utakwenda?"

"Nikiangalia chini nitajuaje amemaliza? Nitabaki nimeinama mpaka saa ya chakula."

"Nitasimama karibu yako. Akimaliza nakukanyaga kiatu."

Hilo lilimchekesha, mashavu yalipanda kidogo. Nikadhani tumefika. Nikasema kwamba kuangalia chini si kitu kigeni kwake, maisha yake yote amewaangalia wakubwa chini ya kidevu, bosi wa zamani hakuwahi kumwona macho.

Mashavu yakashuka.

"Yule nilimwinamia mwenyewe," alisema. "Hakuna aliyenipangia siku na saa, watu wakaitwa waje kuangalia."

"Ni dakika tatu, shangazi."

"Dakika najua zilivyo."

"Basi niruhusu nimwambie kuhusu masikio. Nimwambie hukumsikia, haikuwa dharau."

"Mwambie," alisema kwa utulivu. "Halafu utafute shangazi mwingine wa kukulisha."

Nikamweleza kuhusu yule mama wa meza ya pili, jinsi alivyojipapasa kichwa. Nikamweleza kwamba mimi pale kwenye nguzo ni kama nguo iliyoanikwa, mkono unapanda na hakuna anayenitazama, na kwamba mara ijayo chuma hakitatafuta bati. Kwamba wao hawatanisikiliza mimi hata nikizeeka palepale, kwa sababu nitakuwa nazeeka mbele yao. Nilisema mengi. Sijawahi kumwambia shangazi maneno mengi kiasi hicho kwa mkupuo mmoja, na macho yangu yalikuwa kwenye kidevu chake muda wote.

"Kwa hiyo nakuomba," nilisema. "Jumatatu. Uende uangalie chini, tuyamalize."

Alisimama, akaenda kwenye kamba, akanipa mgongo. Akawa anaitandaza ovaroli, anainyoosha mikono yake, moja, halafu nyingine.

Nikazunguka kamba nikasimama upande wa pili, ili aone midomo. Nikarudia. Jumatatu, shangazi, nakuomba.

Akanionyesha ndoo kwa midomo. Ilikuwa tupu. Nikaenda bombani, nikapanga foleni, nikasikiliza bosi amelazwa wodi gani, nikarudi na maji. Shangazi alikuwa bado kwenye kamba. Alikuwa anafunga vifungo vya ovaroli iliyolowa, kimoja kimoja, kuanzia shingoni, kama anamfungia mtu anayetaka kutoka.

Nikaweka ndoo chini, nikamwomba mara ya tatu.